Msafiri wa Peke Yake na Makarani Waliomngoja

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama, Magomeni, Mtwara. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katika mkutano uliopita kijana mmoja wa masijala aliinuka akauliza swali, nasi kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha hatukumjibu. Aliuliza hivi: "Sisi tunaoandika tarehe na nambari kutwa nzima, tuna sehemu gani katika mambo makubwa ya ulimwengu?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe nilipokuwa na umri wake; na jibu nililipata kwa hasara ya mtu mwingine, kama nitakavyoeleza kabla sijaketi.

Nimeona afadhali nimjibu kijana wetu kwa habari ya safari moja, yaani safari ya mtu aliyeizunguka dunia peke yake katika chombo cha angani mwaka 1962, akapita juu ya pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki. Huenda mtu akasema kwamba mambo ya mbinguni hayatuhusu watu wa Mtwara. Namwomba anivumilie kidogo. Ataona kwamba safari ile ilikuwa na makarani wengi kuliko wasafiri.

Lakini kabla ya kupanda juu, na tuanze chini, hapa jirani. Mwezi wa Machi mwaka 1866 Dokta David Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani, akashika njia ya Ruvuma kwenda bara. Huko alikokwenda hakurudi tena pwani akiwa hai. Kwa muda mrefu watu wa Ulaya hawakujua kama yu hai au amekufa, mpaka Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871. Alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Waafrika, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, waliuchukua mwili wake mwendo wa miezi mingi hata Bagamoyo. Na pamoja na mwili walizichukua karatasi zake. Miongoni mwao alikuwamo kijana Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika, naye ndiye aliyeviandika vitu vya marehemu kimoja kimoja katika orodha. Lau karatasi zile zingalipotea njiani, safari ya miaka saba ingalikuwa kama haikufanywa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na safari nayo ni mali.

Haya, sasa tuingie katika habari yenyewe.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia juu ya hewa yake alikuwa Yuri Gagarin, Mrusi, tarehe 12 Aprili 1961. Alizunguka mara moja tu, na tangu kuondoka hata kutua zilipita dakika 108. Roketi ya kupunguza mwendo wake iliwashwa alipokuwa karibu na pwani ya Angola, hivi kwamba safari yake ya kurudi chini ilianzia upande wa Afrika. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mwenzake, Gherman Titov, alikaa juu zaidi ya siku moja. Wamarekani walikuwa nyuma. Walikuwa wamewarusha watu wawili, lakini hao walipanda na kushuka kwa muda wa dakika kama 15 tu, bila kuzunguka. Na mwezi wa Novemba walimtuma sokwe jina lake Enos, akazunguka mara mbili akarudi salama. Ndipo ilipofika zamu ya John Glenn, ofisa rubani mwenye umri wa miaka 40.

Labda mtauliza: chombo kama hicho hakianguki kwa sababu gani? Jibu lake ni la ajabu kidogo, maana kwa kweli chaanguka muda wote. Mtoto akisimama juu ya mwamba ulio kando ya bahari akatupa jiwe, jiwe huenda mbele huku likianguka, na mwisho huingia majini. Akilitupa kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali zaidi. Basi kama angekuwa na nguvu za kulirusha karibu kilomita 8 kwa kila sekunde, tena mahali pa juu pasipo na hewa ya kulizuia, jiwe lingezidi kuanguka, lakini dunia nayo, kwa kuwa ni mviringo, ingejipinda chini yake kwa kadiri ile ile. Na hivyo lisingeigusa ardhi. Hiyo ndiyo hali ya chombo kinachozunguka. Na kwa kuwa mtu aliyemo ndani huanguka sawasawa na chombo chake, hajihisi kuwa na uzito. Kalamu akiiachia hubaki ikielea mbele ya uso wake.

Mwendo huo ni mkubwa mno kuufikiri. Kutoka hapa Mtwara hata Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550, na sote twajua jinsi safari ile inavyochosha mgongo. Glenn angaliimaliza kwa sekunde 70 hivi. Duara zima la dunia alilizunguka kwa muda wa dakika 88 na nusu, akiwa juu ya ardhi kati ya kilomita 160 na 260. Chombo chake kiliitwa Friendship 7, maana yake Urafiki. Kitako chake hakikufika upana wa mita 2, na ndani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja aliyeketi, amezungukwa na saa, swichi na mishale. Hapakuwa na msaidizi wala mtu wa kumpokea zamu.

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia. Mvuvi wa Mikindani akitweka tanga kwenda bahari kuu, twamwona mpaka anapofika upeo wa macho, kisha dunia yenyewe hutuficha asionekane. Na redio iliyotumiwa kusema na Glenn ilikuwa na tabia kama ya macho: haikuweza kupinda na kufuata mviringo wa dunia. Mtu aliye chini alimsikia pale tu chombo kilipokuwa juu ya upeo wake, yaani kwa dakika chache, kisha hakumsikia tena. Kwa hiyo ilibidi kuweka mlolongo wa vituo kuizunguka dunia, kila kituo kikimpokea msafiri na kumkabidhi kwa kinachofuata. Vituo hivyo vilikuwa 18, na viwili katika hivyo vilikuwa meli, moja katika Bahari ya Atlantiki na moja katika Bahari ya Hindi. Katika Afrika palikuwa na kituo Kano, Nigeria; na kilichofuata baada ya Kano kilikuwa hapa kwetu, katika kisiwa cha Unguja, mahali paitwapo Tunguu, mashariki ya mji.

Kutoka Tunguu mpaka hapa tulipoketi ni kama kilomita 450 kwa mstari ulionyoka. Kwa mtu aliye juu kilomita 250, upeo wa macho uko mbali karibu kilomita 1,800. Kwa hiyo alipokuwa upande wa Unguja, pwani yote ya Mtwara na mlango wa Ruvuma ilikuwa ndani ya upeo wake.

Kazi ya Tunguu ilikuwa kusikia, kusema na kuandika. Vyombo vya pale vilipokea ishara zilizotoka angani zenyewe bila mtu kusema: mapigo ya moyo wa msafiri, pumzi zake, hewa na joto ndani ya chombo, nguvu za betri, dawa ya roketi iliyobaki. Katika kila kituo cha namna hiyo palikuwa na mtu wa kusema na msafiri, daktari wa kuangalia afya yake, na fundi wa kuangalia hali ya chombo, pamoja na watu wa mitambo. Chombo kilipokwisha kupita, walipeleka taarifa kwa simu ya maandishi hata Cape Canaveral, Marekani, kwenye ofisi kuu ya safari. Kulikuwa na dakika chache za kusikiliza. Lakini kabla yake palikuwa na siku nyingi za kujizoeza, na baada yake palikuwa na kuandika. Nadhani karani yeyote aliyemo humu ataitambua kazi hiyo.

Tena msidhani kwamba makarani wote wa safari ile walikuwa kwenye mitambo ya redio. Hesabu za njia ya chombo zilifanywa na mashine kubwa za kukokotoa, ambazo siku zile zilikuwa ngeni, na watu hawakuzizoea. Glenn aliomba kwamba kabla hajaondoka, hesabu zile zirudiwe na mtu, naye aliyetakiwa kuzirudia alikuwa Bibi Katherine Johnson, Mmarekani mweusi, mwana hesabu wa Langley katika jimbo la Virginia. Bibi huyu alipoingia kazini mwaka 1953, wanawake weusi wa hesabu walikuwa wametengwa katika ofisi yao mbali na wenzao weupe. Alikaa mezani na mashine yake ndogo ya hesabu, akazipima nambari moja moja, nazo zikakubaliana na zile za mashine kubwa. Dunia ilimjua rubani siku ile ile. Bibi huyu ilikawia sana kumjua. Alipewa nishani kubwa ya raia wa Marekani mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 97, akafariki mwaka 2020.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 20 Februari 1962. Tanganyika ilikuwa na siku 73 tangu kupata Uhuru. Unguja na Pemba bado zilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani, mwaka 1381 wa Hijra. Roketi iliondoka Cape Canaveral asubuhi ya kule, nasi kwa saa ya Afrika ya Mashariki ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini na saba jioni. Baada ya nusu saa hivi alikuwa amekwisha vuka Atlantiki na bara letu kutoka magharibi hata mashariki. Jua lilikuwa halijatua Unguja. Katika nyumba za pwani futari ilikuwa jikoni, na waliofunga walikuwa wakingoja adhana ya magharibi. Huko juu mtu mmoja alikuwa akipita kimya kimya. Na katika chumba cha Tunguu watu walikuwa wamevaa visikilizio, wanaandika.

Katika sehemu hiyo ya safari Glenn alifanya zoezi la kuvuta kamba ya mpira kwa nusu dakika, ili madaktari wajue kama moyo wa mtu waweza kufanya kazi mahali pasipo uzito. Mapigo yake yalipanda kutoka 80 hata 124 kwa dakika moja, kisha yakarudi karibu na pale yalipoanza. Kwetu leo hilo si jambo. Lakini siku zile palikuwa na madaktari waliohofu kwamba mtu katika hali ile hataweza hata kumeza chakula. Kisha akaingia juu ya Bahari ya Hindi, na huko akaliona jua likitua, mapema kuliko sisi tuliokuwa nyuma yake, kwa sababu alikuwa analikimbilia giza. Mbele yake watu wa mji wa Perth, Australia, waliwasha taa zao usiku ule ili azione, naye akaziona akapeleka shukrani.

Ilikuwa katika mzunguko wa pili ndipo ilipotokea hatari, nami nataka mwisikilize kwa makini kuliko mengine yote. Chini ya chombo palikuwa na ngao ya kuzuia moto, maana chombo kinaporudi katika hewa kwa mwendo ule, hewa iliyo mbele yake husongwa ikawa moto mkali, na joto la ngao hupita digrii 1,600 za Selsiasi. Kati ya ngao na chombo palikuwa na mfuko wa kupunguza kishindo cha kuangukia baharini, na ngao ilikuwa haina budi kubaki imefungwa mpaka dakika za mwisho. Sasa, kule Cape Canaveral fundi mmoja aliyekuwa akisoma ishara aliona nambari ambayo haikupasa kuwapo, katika mstari ulioitwa Sehemu ya 51. Maana yake ilikuwa kwamba ngao imefunguka. Ikiwa ishara ile ilikuwa ya kweli, msafiri angeungua katika kurudi.

Vituo vyote viliamriwa kuuangalia mstari ule, na kumwambia rubani ahakikishe kwamba swichi fulani imezimwa. Glenn aliulizwa swali lile na kituo kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyemwambia sababu. Mtu mzima, rubani wa vita mbili, hawezi kuulizwa jambo moja mara nyingi asitambue kwamba pana neno linafichwa. Juu ya Hawaii alitakiwa kuijaribu swichi ile, akaijaribu. Taa ya hatari haikuwaka. Juu ya Marekani aliambiwa asiutupe mzigo wa roketi za kupunguza mwendo, uliofungwa kwa mikanda ya chuma juu ya ngao, kwa tumaini kwamba mikanda ile itaishikilia ngao. Alipouliza sababu, kituo cha Texas kilimjibu kwamba hiyo ni amri ya ofisi kuu. Ni mwishoni kabisa, alipokuwa karibu kuingia katika moto, ndipo ofisi kuu ilipomweleza mambo yalivyo.

Aliingia. Kwa zaidi ya dakika nne redio ilinyamaza, kwa sababu moto uliokizunguka chombo huzuia sauti. Rubani aliona vipande vinavyowaka vikipita dirishani, asijue kama ni mzigo wa roketi unaoungua au ni ngao yenyewe inayovunjika nyuma ya mgongo wake. Kisha sauti yake ikasikika tena. Akashuka katika Atlantiki kwa mwavuli, baada ya mizunguko mitatu na safari ya saa 4 na dakika 55, na meli ya vita Noa ikamchukua.

Ngao ilipochunguzwa, ilionekana kwamba haikuwa imefunguka hata kidogo. Ishara ya Sehemu ya 51 ilikuwa ya uongo. Swichi moja ndogo ilikuwa mbovu. Baadaye Glenn mwenyewe alisema wazi kwamba rubani anapaswa kuambiwa habari zote za hatari inayomkabili, kwa kuwa roho iliyo hatarini ni yake.

Ndugu zangu, katika habari hiyo naona mambo mawili. La kwanza ni kwamba alama moja isiyo sahihi, ndogo kuliko ukucha, iliweza kubadili amri za ofisi kubwa na kumtia mtu katika fadhaa ya kifo. La pili ni kwamba watu wema, wenye nia njema kabisa, walikaa na habari ya mtu wasimpe mwenyewe, kwa kudhani kwamba hiyo ndiyo hekima.

Na jambo hili la pili halikutokea angani tu. Yafaa niseme kweli kuhusu Tunguu, maana hotuba isiwe ya sifa tupu. Mapatano ya kujenga kituo kile yalifanywa mwaka 1960 kati ya serikali ya Uingereza na serikali ya Marekani. Wenye kisiwa hawakuwa waliotia sahihi. Siku zile Wamarekani na Warusi walikuwa wakitishana kwa silaha za kuangamiza miji, na watu wa Unguja waliposikia kwamba Wamarekani wanasimamisha milingoti katika shamba lao kwa ajili ya roketi, wengi walihofu. Kama hii ni ngome, walisema, basi ikitokea vita sisi ndio tutakaopigwa. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilichojulikana kwa jina la Hizbu, kilikipinga kituo hicho waziwazi. Wamarekani walijibu kwamba hapatarushwa roketi yoyote kutoka Unguja, na kwamba kazi ni ya elimu, si ya jeshi. Nalo neno hilo la kwamba haparushwi roketi lilikuwa kweli. Lakini neno la kweli likifika baada ya hofu kukaa, hulikuta hofu imekwisha jenga nyumba.

Kituo kiliendelea na kazi. Scott Carpenter alizunguka mwezi wa Mei 1962, Walter Schirra mwezi wa Oktoba, na Gordon Cooper mwezi wa Mei 1963, ambaye alizunguka mara 22 kwa zaidi ya saa 34. Huyo ndiye Mmarekani wa mwisho kwenda kuizunguka dunia akiwa peke yake katika safari zile. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Wamarekani wengi waliondolewa kwa meli ya vita, na mwezi wa Aprili serikali mpya iliamuru kituo kiondolewe. Kazi yake ilihamia Madagascar. Leo Tunguu pana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wapitao pale kila siku huenda wasijue kwamba mahali pale paliwahi kuwa sikio la kumsikiliza mtu aliye nje ya dunia. Sishangai, maana jambo ambalo wenyeji hawakushirikishwa kwa kuambiwa, wenyeji hawalitii katika hadithi zao.

Sasa nilipe deni nililoahidi.

Nilipokuwa karani kijana, katika ofisi ambayo sitaitaja, alikuja mzee mmoja kutoka kijiji cha kando ya Ruvuma. Alikuwa ametumika miaka mingi, naye alikuwa akingoja pensheni yake. Nilifungua jalada, nikaona majibu hayajaja, nikamwambia, "Babu, subiri kidogo, mambo yanashughulikiwa." Akasema, "Haya, mwanangu," akarudi kwao. Alikuja mara ya pili, nikamwambia vivyo hivyo. Mara ya tatu alikuja akiongozwa na mjukuu wake, kwa kuwa macho yalikuwa yamepungua nuru. Nami siku ile nilipata aibu kidogo nikalichukua jalada nikalisoma tangu karatasi ya kwanza. Ndipo nilipoona kwamba katika barua iliyopelekwa makao makuu, nambari yake ya utumishi ilikosewa tarakimu moja. Palipopasa kuwa 6 paliandikwa 0. Mwandiko niliutambua, maana ulikuwa wangu.

Niliisahihisha barua siku ile ile. Lakini nawaungamia, ndugu zangu, kwamba mzee yule sikumwambia sababu. Nilimwambia tena, "Mambo yanashughulikiwa, babu." Niliogopa kupoteza heshima yangu mbele ya mjukuu wake. Fedha zilikuja baada ya miezi, zikapokewa na mjane wake. Mzee alikufa bila kujua kwamba kosa halikuwa lake, na huenda alidhani kwamba serikali aliyoitumikia imemsahau. Tarakimu ile niliweza kuisahihisha kwa wino. Neno ambalo sikumwambia siwezi kulisahihisha tena.

Kwa hiyo namjibu kijana wetu wa masijala hivi. Uliuliza tuna sehemu gani katika mambo makubwa ya ulimwengu. Kila jalada lililo mezani pako lina msafiri wake. Hamwonani. Yeye yuko mbali, pengine Kitaya, pengine Newala, pengine ng'ambo ya bahari, na habari zake zote unazozijua ni zile nambari zinazokujia katika karatasi. Kwako wewe hupita kwa dakika chache, kisha unamkabidhi kwa ofisi nyingine. Lakini kwake yeye dakika zile huenda zikawa maisha yake yote. Ukizipokea sawasawa ukazipeleka sawasawa, atafika. Ukikosea alama moja, ataungua, nawe hutasikia harufu ya moshi.

Tena, ukiona pana hatari katika jalada lake, mwambie. Usimwulize swali moja mara nne huku ukimficha sababu. Usimwambie kwamba hiyo ni amri ya ofisi kuu ukadhani umemjibu. Na kosa likiwa la mkono wako, ndipo upasavyo kusema upesi zaidi, hata kama mjukuu wake amesimama pale anasikiliza.

John Glenn aliishi hata mwaka 2016, akafariki akiwa na umri wa miaka 95. Alikuwa amepanda angani mara ya pili mwaka 1998, akiwa na miaka 77, safari hii akiwa na wenzake. Sifa zake ziko vitabuni, naye alizistahili, maana aliketi mwenyewe katika kile kiti. Walioketi Tunguu jioni ile ya Ramadhani, wakaandika mapigo ya moyo wake na kuyapeleka mbele, wengi wao hawatajwi popote. Lakini mapigo yale yalifika, nayo yaliandikwa kama yalivyokuwa. Nami kwa upande wangu, kama ningepewa kuchagua jambo moja la kusemwa siku nitakapostaafu, ningependa liwe hilo: kwamba yaliyopita mikononi mwangu yalifika kama yalivyokuwa.

Kesho ni Jumatatu, ndugu zangu, na majalada yanatungoja.